Mama Pimbi na Drili Isiyonyamaza

Hadithi, hodi!

— Karibu, mlango uko wazi!

Uko wazi? Jamani, ufungeni! Kwanza mlango, ndipo hadithi. Sukuma, vuta komeo, tazama na chini kama pana uwazi. Umefungwa?

— Umefungwa!

Haya, sasa napumua. Sogeeni, tena karibu zaidi, maana hadithi hii inakwenda mbio na mimi mwenyewe kuishika siwezi.

Hapo kale, tena si kale sana, kale ya juzi juzi, wakati wanyama wameshaanza kununua vifaa vya betri, Chatu alimmeza Sungura. Ndiyo, Sungura! Yule yule mnayemjua, mjanja wa hadithi zote, anayemzungusha Simba, anayemzungusha Fisi, kaliwa asubuhi na mapema hata hadithi haijaanza. Gluku! Kaingia yeye na ujanja wake wote. Tumbo la Chatu likavimba likawa kama tikiti, na ukilitazama vizuri unaona mpaka masikio yamesimama.

Sasa balaa ndiyo hiyo. Sungura yumo tumboni, nani atatusaidia? Hakuna. Kabaki Mama Pimbi.

Pimbi mnamjua? Kale kamnyama ka majabalini, mkia hana, kimo hana, ukimwona unadhani panya aliyelelewa vizuri. Huyu aliitwa Mama Kidawa, kwa jina la binti yake mkubwa, na nyuma ya Kidawa walikuwapo mapacha ambao bado wananyonya. Baba yao alitoka siku moja kwenda kuota jua, hakurudi. Basi Mama Kidawa akawa anakaa na wanawe katika pango dogo juu ya jabali, na pango lile, nisikilizeni, pango lile lilikuwa halina mlango!

Chatu naye yuko chini ya jabali lile lile, amejikunja, anamsaga Sungura taratibu. Mama Kidawa akichungulia, anamwona. Chatu akimwona, anainua kichwa, mpole kabisa.

"Mama Kidawa, hujambo? Watoto wazima?"

"Wazima."

"Wananenepa?"

"Wanakonda, kaka. Wanakonda sana."

"Pole. Wape uji. Mimi nikimaliza huyu nitapanda kuwajulia hali."

Mama Kidawa akarudi ndani mbio. Ubao wa mlango alikuwa nao, wa mninga, mzito, na bawaba zake na skrubu zake. Lakini jabali ni jabali. Usipolitoboa, bawaba utazifunga wapi? Akaparura kwa kucha, kucha zikaisha. Akaguguna kwa meno, meno yakalia. Hapo ndipo alipokumbuka: kwa Kiboko wanauza drili za betri!

Siku hizo Kiboko alikuwa hakai majini. Alikuwa anakaa nchi kavu, mchana kweupe, ndani ya duka lake ukingoni mwa mto, tumbo limeegemea kaunta na kaunta imepinda. Drili alikuwa nazo, misumeno ya betri alikuwa nayo, mashine za msasa alikuwa nazo. Na alikuwa na neno lake moja. Kila mteja akiingia, Kiboko anapanua kinywa, anapanua, anapanua mpaka unaona magego ya nyuma, anasema:

"Waranti ipooo!"

Mama Kidawa akamletea mzigo wa majani mabichi, aliyakata yeye mwenyewe mpaka taya zikafa ganzi. Kiboko akala mzigo wote mara moja, akafuta mdomo, akatoa drili kwenye boksi.

Na mnajua desturi ya maduka. Kifaa cha betri hakitoki dukani mpaka kijaribiwe mbele ya mteja. Kiboko akachukua betri iliyokuwa juu ya kaunta, akaipachika kwenye drili, akaweka jiwe, akabonyeza.

Krrrrrrrr!

Jiwe likatoboka upande huu, likatokea upande ule.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Basi ikikusumbua nirudishie. Waranti ipooo!"

Akageuka kufungasha. Na mgongo wa Kiboko ukigeuka, duka zima limefunikwa, huoni kitu. Akafungasha huko, akagonga gonga huko, akampa boksi. Mama Kidawa akatoka mbio, boksi kichwani, moyo unaruka, mlango, leo nina mlango, wanangu wana mlango!

Akafika nyumbani. Kidawa akashika ubao. Mapacha wakashika bawaba, maana yake waliitafuna. Wakaimba:

Kaza skrubu, kaza!
— Kaza!
Watoto ndani, kaza!
— Kaza!
Chatu njiani, kaza!
— Kaza!

Mama Kidawa akabonyeza.

Krrr. Krr. Kr. Ti.

Akabonyeza tena.

Ti.

Akachomoa betri, akaipuliza, akaipangusa, akaichomeka kwenye chaja na kapaneli kake ka jua, kile kibao cheusi mnachokiona juu ya mabati. Akasubiri jua likapanda. Akabonyeza.

Ti.

Akachungulia chini. Tumbo la Chatu halikuwa tikiti tena. Lilikuwa papai.

Mbio! Mama Kidawa huyo, boksi kichwani, mpaka dukani. Akakuta foleni. Mbele yake yuko Nungunungu na drili yake, na mbele ya Nungunungu yuko Mzee Kobe na msumeno wake wa betri. Kobe amekaa foleni muda mrefu mpaka mvua imemnyeshea humo humo.

"Shikamoo mzee. Na wewe imekufa?"

"Marahaba, mama. Imekata tawi nusu. Nusu nyingine inaning'inia juu ya nyumba yangu."

"Nyumba yako si ndiyo hiyo umeivaa?"

"Ndiyo nasema inaning'inia juu yangu!"

Kiboko akaita. Kobe akasogea, na mnajua Kobe akisogea.

"Waranti ipooo!" Kiboko akasema. Akaugeuza ule msumeno. "Ila huu umelowa."

"Umelowa hapa hapa, bosi, nakusubiri wewe!"

"Umelowa au haukulowa?"

"Umelowa."

"Ahaa. Waranti haigusi kilicholowa. Anayefuata!"

Nungunungu akasogea.

"Waranti ipooo! Ila hii imeanguka. Naona mkwaruzo."

"Bosi, ule mkwaruzo ni mwiba wangu. Mimi kila nikishikacho kinakwaruzika, hata mke wangu."

"Imeanguka au haikuanguka?"

"Ilianguka kidogo tu, nilishtuka ilipozima."

"Ahaa. Waranti haigusi kilichoanguka. Anayefuata!"

Mama Kidawa akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Bosi Kiboko, shikamoo. Yangu haikulowa wala haikuanguka."

"Marahaba. Safi sana! Mteja wa namna hii ndiye ninayemtaka. Waranti ipooo! Hebu niambie, uliitumia?"

"Niliitumia."

"Ahaa!"

"Ahaa nini, bosi?"

"Waranti haigusi kilichotumika."

"Sasa bosi, nimenunua drili nisiitumie?"

"Ungeiweka tu ndani ya boksi ingekuwa nzima mpaka leo. Mbona zangu ziko rafuni na hazijaharibika? Nenda zako, we pimbi!"

Mama Kidawa akashuka kwenye jiwe. Akainama kuchukua boksi lake, akalitikisa kwa hasira, ndipo akasikia:

Chakacha.

Akatoa betri, akaiweka sikioni, akaitikisa. Chakacha, chakacha. Akamwomba Nungunungu yake. Chakacha. Akamwomba Mzee Kobe yake. Chakacha, chakacha. Jamani, mchanga! Mchanga wa mtoni umo ndani ya betri!

Hakusema. Mtu mwenye watoto wadogo na Chatu mlangoni hana muda wa kugombana. Akajibanza nyuma ya Kobe, akatazama. Kanga mmoja kaja kununua. Kiboko katwaa ile betri ya juu ya kaunta, imefungwa uzi mwekundu. Kaipachika. Krrrrrrrr! Umeona? Nimeona. Umesikia? Nimesikia. Waranti ipooo! Kageuka, mgongo umefunika duka, kafungasha, gonga gonga, Kanga kaondoka na boksi anafurahi. Na ile betri yenye uzi mwekundu? Imerudi pale pale juu ya kaunta.

Kumbe duka zima lina betri moja tu!

Akarudi nyumbani anafikiri na anakimbia, anakimbia na anafikiri. Chini ya jabali tumbo la Chatu lilikuwa chungwa.

"Mama Kidawa," Chatu akaita. "Mbona mbio? Keti tuongee."

"Nina kazi, kaka."

"Nakuona unahangaika na mlango. Wa nini mlango kwa majirani?"

Mama Kidawa akashika njia. Akapanda, akalitupa boksi pembeni, kifuniko kikabaki wazi, akawakumbatia wanawe akalia. Akalia mpaka mapacha wakalala juu ya tumbo lake. Kidawa, ambaye mambo ameanza kuyaelewa, akamuuliza:

"Mama, Chatu akija tutasema hatupo?"

"Tutasema, mwanangu."

"Ataamini?"

Mama Kidawa akanyamaza. Na katika kule kunyamaza, akasikia kitu.

Vuuuuuu.

Kinatoka wapi? Akatega sikio. Vuuuuuu! Kinatoka kwenye boksi! Drili imekufa, betri iko kule, boksi linavuma. Akanyemelea, akachungulia kwa jicho moja. Dondora! Wale manyigu weusi wenye kiuno chembamba wameona boksi wazi, wamehamia, wameanza kujenga kwa udongo, wanavuma kwa raha zao wenyewe.

Kidawa akataka kuwafukuza. "Acha!" mama yake akamshika mkono. "Usiwaguse. Hao ni mafundi wangu."

Akafunga kifuniko polepole, polepole, kwa pumzi. Akaacha ncha ya drili imechomoza nje kwa tundu. Akalizungushia boksi kamba, juu, chini, ubavuni, mafundo juu ya mafundo, kama mtu anayemfunga mbuzi mkorofi. Mwishoni akachota asali kidogo iliyokuwa kwenye ufa wa jabali, akaipaka ile ncha. Akamwambia Kidawa: "Shikilia ubao mlangoni. Usiuachie. Nakuja."

Akachungulia chini. Chungwa limekuwa ndimu.

Mbio! Akiwa bado mbali na duka akaanza kupiga kelele.

"Pisheni! Pisheni jamani, itawatoboa! Mzee Kobe, ingiza kichwa!"

Foleni nzima ikatawanyika. Kiboko akainuka.

"Wewe tena? Nilikwambia waranti haigusi!"

"Sikuja kudai, bosi, nakuomba msaada tu! Kichimbie chini kitu hiki, kitupe mtoni, kifanye unavyotaka, mimi kimenishinda. Hakinyamazi!"

"Si ulisema imekufa?"

"Haikufa, bosi! Ilikuwa inakusanya nguvu! Nimefika nyumbani imeanza yenyewe. Imetoboa jabali langu, ikaona haitoshi, ikaruka ikatoboa mkuyu ule mkubwa wa kule bondeni, na mkuyu kumbe umejaa asali ndani kama kisima! Nimekinga mitungi imejaa, nimekinga masufuria yamejaa, watoto wanaogelea, bosi, mapacha wangu wana asali mpaka masikioni. Mimi asali hii nitaipeleka wapi?"

Sasa msiniulize Kiboko na asali wapi na wapi. Muulizeni Kiboko. Masikio yake yalisimama yakaanza kuzunguka.

"Asali?"

"Onja ncha hiyo."

Kiboko akatoa ulimi kama mkeka, akalamba ncha. Akafumba macho. Akalamba tena mahali ambapo asali haikuwapo.

"Hebu chomoa betri tuione," akasema, sauti imekuwa laini.

"Betri gani, bosi? Betri hii hapa mkononi! Nimeichomoa tangu asubuhi!"

Na boksi likasema: Vuuuuuuuu!

Nungunungu akasimamisha miiba yote. Kiboko akaitazama betri mkononi mwa Mama Kidawa, akalitazama boksi. Drili inayofanya kazi bila betri! Na betri ndizo zilizokuwa zinampa taabu, kila siku kuchota mchanga.

"Mama Kidawa, dada yangu," akasema, "hiyo ni kasoro ya kiwandani. Siwezi kukuachia uhangaike nayo. Niachie mimi. Waranti ipooo!"

"Hapana, bosi. Waranti haigusi. Mimi nimeitumia."

"Nani kakwambia? Kifaa kinanunuliwa kitumike! Waranti inagusa kilichotumika!"

"Tena imelowa, bosi. Imelowa asali."

"Kulowa ni jambo la kawaida! Waranti inagusa kilicholowa!"

Kichwa cha Kobe kikatoka nje. "Eti?"

"Na imeanguka, bosi. Iliruka kutoka kwenye mkuyu ikaanguka puu."

"Hicho ndicho waranti inachokitafuta hasa! Kilichoanguka!"

Miiba ya Nungunungu ikalala. "Eti?"

"Basi bosi, kama umenihurumia hivyo, nihurumie mpaka mwisho. Mpya usinipe. Mpya zako zina nguvu mno, mimi mjane na watoto wadogo, zitaniua. Nipe hii drili kuukuu ya kaunta, na kabetri kake haka kenye uzi mwekundu, kalikochoka choka."

Kiboko alibana taya asicheke, akabana, machozi yakamtoka. "Chukua! Chukua, dada, Mungu akupe maisha marefu. Chukua na chaja yake!"

"Na usiifungue hapa. Ifungue kule kule kwenye mkuyu, uso uwe karibu na shina, tone lisipotee."

"Uso karibu, nimekuelewa!"

Kobe akasema, "Bosi, na sisi? Umesema mwenyewe, kilicholowa."

"Na kilichoanguka," Nungunungu akasema.

"Ndiyo, ndiyo, wote! Nikirudi nawabadilishia wote! Waranti ipooo!" Kiboko huyo, puu puu puu, boksi kifuani, anakwenda bondeni ardhi inatikisika.

Na Mama Kidawa huyo, drili kifuani, anakwenda jabalini.

Akafika chini ya jabali. Chatu hayupo.

Jamani, hayupo! Pale alipolala pana duara tu kwenye vumbi. Mama Kidawa akainua macho. Mkia huo! Mkia unapanda jabalini, mwembamba, mwepesi, hauna tikiti, hauna papai, hauna chungwa wala ndimu. Sungura kaisha.

Akapita njia ya nyuma, ya miibani, ngozi ikachanika hata hakusikia. Akatokea mlangoni. Kidawa yuko pale pale, ameshika ubao, anatetemeka na ubao unatetemeka, lakini hajauachia.

"Mama, anapanda!"

"Shika hapo! Imba!"

Kaza skrubu, kaza!
— Kaza!

Krrrrrrr! Tundu. Krrrrrrr! Skrubu imeingia.

Watoto ndani, kaza!
— Kaza!

Krrrrrrr! Bawaba ya juu imekaa. Krrrrrrr! Bawaba ya chini, skrubu moja imeingia, bado moja, bado ya mwisho.

Chatu njiani, kaza!
— Kaza!

Na ile ya mwisho ikamponyoka! Ting. Ting, ting. Ikateremka jabalini, ikasimama mbele ya pua ya Chatu.

"Mama Kidawa," Chatu akasema, "umeangusha kitu."

"Nitupie, kaka."

"Nakuletea mwenyewe."

Wakaingia ndani, wakafunga, wakaegemea wote kwa migongo, mapacha nao wakaegemea, hata kuelewa hawaelewi. Ngo! Chatu kapiga kichwa. Bawaba ya juu ikashika. Ngo! Ya chini ikalia kwii. Ngo! Pakafunguka upenyo chini, ulimi ukaingia, ule wenye pande mbili, ukaanza kunusa sakafu, ukanusa kidole cha Kidawa.

"Mbona mlisema wamekonda?" Chatu akasema.

Na wakati huo huo, kule bondeni, Kiboko alikuwa ameweka uso karibu na shina la mkuyu. Karibu kabisa. Akakata kamba kwa jino, akafungua kifuniko.

Mnasikia?

VUUUUUUUUUUU!

Puani! Mdomoni! Masikioni! Kwenye kope! Pua ya Kiboko zamani ilikuwa nyembamba, nzuri, watu walikuwa wanaisifia. Ikavimba hapo hapo, ikawa hiyo mnayoijua. Akakurupuka na drili yake, macho hayaoni, dondora nyuma, akapita katikati ya miiba, akapanda jabali, puu puu puu, anapiga kelele, "Mama Kidawaaa! Nirudishie yangu!" na mguu wake wa mbele, ule mguu mzito kama kinu, ukatua.

Ukatua wapi?

— Juu ya Chatu!

Juu ya mkia wa Chatu! Ulimi ukatoka ndani ya upenyo mbio. Chatu hakuaga, hakuuliza hali ya watoto. Alishuka jabali lile mkia umekuwa bapa kama chapati, akahamia upande mwingine wa nchi. Skrubu akaiacha.

Kiboko akagonga mlango. "Fungua! Drili yako haifanyi kazi! Nimebonyeza, haisemi hata ti!"

Mama Kidawa akazungumza kutoka ndani, mdomo kwenye upenyo, sauti tamu ya dukani.

"Waranti ipooo, bosi. Uliitumia?"

"Niliitumia!"

"Ahaa. Imeanguka?"

"Imeanguka, niliitupa nikikimbia!"

"Ahaa. Imelowa?"

"Haikulowa! Kulowa bado!"

"Basi kailoweshe kwanza, bosi, niyajibu yote pamoja."

Dondora wakamfikia tena. Kiboko akateremka mbio, akapita duka, akajitosa mtoni, pwaaa! Akazama mpaka dondora wakachoka wakaenda zao. Akainua pua kidogo. Akachungulia.

Ukingoni wamekaa Mzee Kobe na Nungunungu, na Kanga na boksi lake, na nyuma yao foleni imefika mpaka msituni.

"Bosi," Kobe akasema, "umerudi? Kilicholowa kinaguswa."

Kiboko akazama.

Mpaka leo yumo. Mchana kutwa anashinda majini, masikio na pua nje tu, anasikiliza kama wateja wameondoka. Wakinyamaza kidogo anatoka kwa kunyata kula majani, akisikia hatua anarudi. Na akikuona kwa mbali, anapanua kinywa, anapanua, anapanua mpaka unaona magego ya nyuma. Mnadhani anapiga miayo? Hapigi miayo. Anasema neno lake lile, ila sauti haitoki tena, dondora mmoja alikwama kooni.

Na ile skrubu ya mwisho? Mama Kidawa alitoka akaiokota, akaifunga. Krrrrrrr. Halafu akazima drili, akaketi nyuma ya mlango uliofungwa, akawahesabu wanawe, akawahesabu tena.

Sasa fundisho, maana hadithi bila fundisho watu watasema nawapotezea muda. Fundisho ni hili: msiseme uongo. Hata mdogo! Mama Kidawa alisema uongo siku moja tu, na mmeona yaliyompata: mlango mzima, drili inayotoboa, na watoto wote wanakoroma. Aibu gani hiyo! Bora mfuate mfano wa Kiboko, ambaye kila siku alisema waranti ipo, na kweli ilikuwapo.

Haya, hadithi yangu nimeijaribu mbele yenu. Mmeiona?

— Tumeiona!

Mmeisikia?

— Tumeisikia!

Basi ikiwaharibikia njiani, msinirudishie.

— Kwa nini?

Mmeshaitumia! Laleni. Na komeo hilo asiliguse mtu.